Vigae vya Nyuma ya Jiko

Dereva wa trekta alizima injini akaniuliza, "Na hivi vigae, mzee? Tuvimwage pale penye tope?" Nilitazama rundo lile nyuma ya jiko la jirani yangu, nikatazama njia ya kuingilia kwetu iliyogeuka uji kwa mvua, nikasema, "Vimwageni." Mwenyewe hakuwapo. Alikuwa amekwenda hospitali Kilifi kutazamwa macho. Wageni wa maonyesho walikuwa waje adhuhuri kuchagua kazi zake, na mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa kikundi cha wasanii. Neno lile lilinitoka kirahisi, kama mtu anayeagiza chai. Tangu hapo nimetamani mara nyingi kulirudisha kinywani.

Nitamwita mfinyanzi, maana ndivyo sote hapa Matsangoni tulivyomwita. Alikuwa mwanamke mfupi, mabega mapana, leso moja kiunoni na ya pili kichwani, zote zimeingia udongo usiotoka kwa sabuni. Alinizidi umri kidogo, nami nilimwamkia kila asubuhi nilipopita ukutani kwake. Akiwa kazini hakuitikia. Ungesema "shikamoo" ukafikiri umesemea ukuta. Halafu, umeshakaa, umeshazungumza na wengine, umesahau, yeye anainua uso na kusema, "Marahaba." Watoto waliufanya mchezo. Walikuwa wakimwamkia kisha wakaketi kimya kwenye kivuli cha kibanda chake kungojea marahaba yao itoke, na ikitoka walikimbia wakicheka. Yeye hakujua kilichowachekesha.

Hakuwa na gurudumu la kufinyangia. Aliweka udongo juu ya kigogo kifupi, na yeye ndiye aliyezunguka, kinyumenyume, mkono mmoja ndani ya chombo na mwingine nje. Kwa miaka yote ile miguu yake ilichimba mfereji wa duara katika sakafu ya kibanda. Mvua ikivuja, maji yalijaa mle, na kuku wakaja kunywa.

Zamani alifinyanga vitu ambavyo kila mtu alivihitaji: mitungi ya maji, vyungu, vyetezo vya kufukizia udi. Kisha zikaja ndoo na madumu ya plastiki, zikaja friji, na vyetezo vikaanza kuuzwa dukani vya umeme. Wafinyanzi wengine waliacha. Yeye aliendelea, lakini kazi yake ikabadilika. Alianza kufinyanga mitungi mikubwa isiyokuwa na mdomo. Ilikuwa na tumbo na mabega ya mtungi, na pale penye shingo ikajifunga, ikabaki na mwanya mwembamba kama jicho la mtu anayesinzia. Muuza madafu wa pale barabarani aliuzunguka mmoja kwa muda mrefu.

"Mama, na maji yatiwa wapi hapa?"

"Hautiwi maji."

"Basi ni wa nini?"

"Ni wa kutazamwa."

"Mimi ninaye mke wa kutazamwa tu, wala hakunigharimu kuni."

"Rudi nyumbani ukamwambie hivyo," mfinyanzi akasema, "kisha uje nikuuzie chungu cha kupikia mwenyewe."

Jambo ambalo lazima nilieleze vizuri ni la vigae. Udongo mtupu hupasuka motoni, na kila mfinyanzi huuchanganya na kitu ili ustahimili. Wengi hutumia mchanga. Yeye alitumia vigae vya vyombo vilivyovunjika, alivyovitwanga kwenye kinu na kuvichekecha. Hilo si geni. Lililokuwa lake peke yake ni namna alivyovipata. Mtu akifa kijijini, hasa mwanamke mwenye nyumba, mfinyanzi alingoja matanga yaishe, watu watawanyike, ndipo akabisha hodi na kuomba chombo cha udongo kilichokuwa cha marehemu, kizima au kibovu. Aliomba kwa adabu, hakusisitiza. Akipewa, alikibeba kichwani na kukivunja mwenyewe nyuma ya jiko. Siku moja, labda baada ya miaka, mtu yule aliingia katika udongo mpya.

Nilimuuliza mara moja kwa nini asitumie mchanga kama wenzake.

"Mchanga haujakaa na mtu," akasema.

Wako waliomwona kama mwanga, mchawi wa usiku. Imamu wetu alitumwa akamuulize, akaketi naye, akarudi akisema hakuona ubaya wowote ila mikeka yake ni michafu. Yaliishia hapo.

Sitaki aonekane mtu wa huzuni. Alipenda mpira kupita kiasi. Redio yake ilikuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli kwenye nguzo ya kibanda, na timu yake ikifungwa alimtukana kipa kwa maneno ambayo mke wangu alifunga dirisha ili Zuhura, binti yetu, asiyasikie. Mazikoni hakutoa chozi. Nimemwona akikanda migongo ya wafiwa kwa mikono ile migumu, macho makavu. Lakini chombo kikipasuka motoni, tulisikia kilio chake mpaka ng'ambo ya ukuta, na hatukuthubutu kwenda kumpa pole. Alikuwa mchoyo wa udongo, hakumpa mtu hata donge la kuzibia tundu la panya. Chombo chenyewe kikishaiva, alikitoa bure kwa yeyote aliyekitazama bila kuuliza ni cha nini.

Nilimfahamu zaidi kwa sababu ya kuonyesha kazi. Mimi nilikuwa mtunza stoo katika hoteli moja Malindi. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikaandika Kiingereza cha barua, na meneja alinisikiliza kidogo. Nilimwambia kuna msanii jirani yangu. Akaja, akaipenda mitungi, akachukua mmoja auweke pale wageni wanapopokelewa. Mfinyanzi alifurahi mpaka akanipa samaki. Baada ya miezi alikwenda kuutazama mtungi wake na akaukuta umekatwa juu kwa msumeno, umetiwa miavuli. Aliitoa miavuli, mmoja mmoja, akailaza sakafuni, akaupakata mtungi na kutoka nao mlango wa mbele, ule ambao sisi wafanyakazi tulikatazwa kuutumia. Mimi nilikuwa nimesimama pale. Nilijifanya ninakagua taa.

Mara nyingine tulimpeleka kwenye siku ya utamaduni. Kazi zake ziliwekwa meza moja na asali na vikapu, na kibao kikaandikwa "Vyombo vya kupikia vya asili." Mwalimu mmoja alipita na wanafunzi akiwaeleza kwamba hivi ndivyo wazee walivyopikia. Mfinyanzi akamwambia, "Mwalimu, mzee ni mimi. Sijapikia."

Zuhura alipopanga chumba Mtwapa na kupata simu nzuri, alianza kumtafutia nafasi. Alipiga picha za kazi zake, akazituma kila alipoona tangazo la wasanii. Majibu yalikuwa ya namna moja. Nafasi nyingi zilikuwa za vijana. Nyingine zilitaka cheti cha chuo. Mahali pengine walisema ufinyanzi ni kazi ya mikono, na wao wanashughulika na sanaa. Zuhura alimsomea hilo la mwisho, mfinyanzi akaitazama mikono yake pande zote mbili, akauliza, "Kwani wao wachora kwa nini?"

Alikuwa akicheka, lakini nilijua linamuuma. Alikuwa amefinyanga kazi moja iliyomchukua miaka: vyombo vingi vya kimo mbalimbali, vyote vimefungwa midomo, vimekaa karibukaribu na kuegemeana kama wanawake waliokaa mkekani matangani. Alikiita hicho kikao "Waliobaki." Alitaka kionekane mahali penye nafasi ya mtu kukizunguka, chini, sakafuni, si juu ya meza. Ndilo jambo pekee nililowahi kumsikia akilitaka kwa sauti. "Kionekane mara moja tu kama kilivyo," alisema. "Halafu kivunjwe, sijali."

Ukumbi mmoja Kilifi ulipoanza kuonyesha kazi za watu wa pwani, tulituma picha na wakakubali kuja kuona. Mfinyanzi alifagia uwanja, akavipanga vyombo vyake, akavaa buibui la Idi. Mvua ilikuwa imenyesha. Gari lao lilikwama kwenye ile njia yetu, likavutwa na watu, likageuza. Walipiga simu wakaomba radhi. Yeye alibeba chombo kimoja akakimbia nacho barabarani, mtu mzima yule, buibui limejaa tope mpaka magotini, akakuta wameshaondoka. Nilimwona akirudi. Hapo ndipo nilipoapa moyoni kwamba wakija tena, njia itapitika.

Kati ya siku hiyo na ile ya trekta, mke wangu alifariki.

Mama Zuhura na mfinyanzi walikuwa mashoga. Walichambua mchele pamoja, waliwasema watu pamoja. Mke wangu alikuwa na mtungi wa maji, kazi ya mfinyanzi, ambao hakuuacha hata tuliponunua friji. Alisema maji ya friji yanamgonga meno. Alipougua, aliomba maji ya mtungi, na mimi nilimnywesha kwa kata mpaka alipokuwa hawezi tena kumeza. Mtungi ulibaki pembeni ukakauka, ukaingia ufa.

Watu walipokwisha kutawanyika, mfinyanzi alibisha hodi.

"Baba Zuhura, nimekuja kwa ule mtungi."

"Umepasuka," nikamwambia.

"Basi nao umejua."

Nilimpa. Aliukumbatia kwa leso badala ya kuutia kichwani. Mlangoni akageuka akasema, "Nitakufanyia kitu. Usiniulize lini. Shoga yangu simtwangi kwa haraka."

Sikumuuliza lini. Mwaka ulipita, ukapita na mwingine. Nilikuwa nikimtazama ukutani akizunguka chombo kipya na kujiuliza kama ndicho. Niliona haya kusema kwamba nangojea. Nilikuwa mzee, peke yangu, na kungojea kule kulikuwa karibu kazi niliyobaki nayo.

Kikundi cha wasanii kilipoundwa, walinichagua mwenyekiti kwa kuwa nilijua kuandika barua. Mfinyanzi alinitania. "Shikamoo, Mwenyekiti," alisema, yeye aliyenizidi umri, akainama kwa madaha mpaka watu wakacheka. Mbele ya watu nilikuwa Mwenyekiti. Tukibaki wawili nilikuwa Baba Zuhura.

Wale wa Kilifi walipokubali kuja mara ya pili, siku ikaangukia siku ya macho yake. Nafasi ile ya daktari alikuwa ameingoja muda mrefu. Nilimwambia, "Wewe nenda. Mimi nitawapokea." Alinionyesha kila chombo kikae wapi. Kuhusu rundo hakuniambia kitu, kwa kuwa haikumpitia akilini kwamba mtu angeweza kuligusa.

Mvua ilinyesha tena alfajiri. Nilimwita mtu wa trekta alete kifusi, akasema machimbo yamejaa maji. Ndipo alipoliona rundo. Na hapa nataka niseme ukweli wote. Nilijua vigae vile anavitumia. Simu yangu ilikuwa mfukoni. Sikumpigia kwa sababu nilijua angekataa, na gari lingekwama, na nafasi ingepotea tena, na mimi mwenyekiti ningesimama kwenye tope nikiwapungia mkono. Nilijiambia vigae ni vigae, watu watavunja vingine. Sikukaa nikafikiri kwamba hakuna tena aliyekuwa na chombo cha udongo cha kuvunja. Wote tulikuwa na madumu. Na mtungi wa mke wangu nilikuwa na hakika uko ndani, umewekwa mahali pake, kwenye kikapu, juu ya kabati. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe.

Trekta lilivisomba na kuvimwaga, likapita juu yake kwenda na kurudi. Njia ikawa nzuri, nyekundu, yenye kulialia chini ya magurudumu. Wageni waliingia bila taabu. Waliizunguka "Waliobaki", mmoja wao akachuchumaa kwa muda mrefu, na walipoinuka walisema wataichukua yote, iwekwe sakafuni, katikati ya ukumbi. Nilitaka kurukaruka. Wakati wa kuondoka dereva wao alisifu njia.

Mfinyanzi alirudi alasiri, jicho moja limefunikwa pamba. Nilimkimbilia kumpa habari. Alikuwa amesimama mwanzo wa njia akitazama chini kwa lile jicho moja. Aliinama akaokota kigae, akakipangusa kwa kidole gumba, akakirudisha palepale alipokitoa.

"Nani kasema?"

"Mimi. Lakini wamekubali, wataichukua kazi yote, sakafuni, kama ulivyotaka."

"Vigae vyote vilikwenda?"

"Vyote."

Akaitazama njia mpaka mwisho wake. Kisha akasema, "Shoga yangu alikuwa upande wa kisima."

"Nilidhani umemweka ndani."

"Ndani kuna nini? Ndani nalala mimi."

Hakupaza sauti. Ningependa angenitukana kama alivyomtukana kipa. Alizivua ndara zake, akazishika mkononi, akapita pembeni, kwenye majani na matope, mpaka mlangoni kwake, ili asikanyage. Tangu siku ile hadi alipohama hakuipita njia ile katikati.

Kesho yake nilichukua reki. Nilikusanya nilivyoviona, lakini trekta na magari yalikuwa yamevizamisha na kuvisaga, na nani angeniambia kipi ni cha nani? Watu walipita wakaniuliza nimepoteza nini. Baadaye barabara ilimwagiwa kifusi cha kweli juu yake, na wanakijiji walinipongeza kwamba mimi ndiye niliyeanza.

Maonyesho yalifanyika. Yeye hakwenda. Alisema jicho halijapona. Mimi nilikwenda, nikavaa koti, nikaombwa niseme machache kwa niaba ya msanii. "Waliobaki" ilikuwa sakafuni katikati ya ukumbi, na mwanga uliingia juu yake kutoka dirisha refu. Watu waliizunguka taratibu. Mama mmoja wa Mambrui alisimama mbele ya chombo kimoja akaanza kulia, wala hakujua ni kwa nini, akacheka huku analia, akaniomba radhi. Kila alichokitamani mfinyanzi kilikuwa pale, na aliyekuwa amesimama kukipokea ni mimi. Nilisoma hotuba niliyoiandika. Walipiga makofi.

Ukumbi ule sasa unakodishwa kwa harusi. Kikundi kilivunjika baada ya muda mfupi, bila ugomvi, kwa kukosa pa kwenda tu. Vyombo vilirudishwa, viwili vimevunjika njiani. Mfinyanzi alivipokea bila kulia, nami nikaogopa, kwa maana hajawahi kunyamazia chombo kilichovunjika. Nilitaraji angalau hivyo viwili vitakuwa mwanzo wa rundo jipya. Alivichimbia shimo akavifukia, akasawazisha juu kwa mguu.

Hakufinyanga tena. Hakutangaza, hakusema ameacha. Udongo uliokuwa chini ya gunia la katani ulikauka ukawa jiwe. Nilipomwamkia asubuhi aliitikia papo hapo, na watoto hawakuja tena.

Baadaye mpwa wake alimchukua akakae naye Mtwapa. Mwezi uliopita nilikwenda kumtembelea Zuhura, nikaona aibu kufika karibu hivyo na kurudi bila kumwona. Kabla ya kuondoka Matsangoni nilichimba pembeni mwa njia, pale ambapo maji ya mvua yameondoa kifusi, nikapata vigae kadhaa. Nilivifunga kwenye kitambaa. Kimoja kilikuwa na mstari wa kucha karibu na ukingo, na nilikuwa nimejishawishi kwamba mtungi wa mama Zuhura ulikuwa na mstari kama ule.

Nilimkuta uani, ameketi kwenye kiti cha plastiki, redio imezimwa.

"Shikamoo."

"Marahaba, Mwenyekiti. Karibu."

Mikononi alikuwa na hina, imekolea mpaka kwenye viganja. Sikuwa nimewahi kumwona na hina maisha yangu yote, kwa kuwa udongo hauiachi ikae. Ilikuwa mikono laini, ya mwanamke yeyote. Tulizungumza habari za nani amekufa na nani ameoa. Niliuliza timu yake inaendeleaje, akasema hafuatilii.

Nikafungua kitambaa nikakiweka mapajani mwake. "Nimeona huu mstari," nikasema. "Nikadhani labda ni wake. Hata kama utafanya kitu kidogo tu. Hata chetezo."

Alikichukua kile kigae, akakisogeza kwenye jicho zima, akakigusa kwa ulimi kama alivyokuwa akifanya zamani akipima udongo. Akakigeuza, akakigusa tena.

"Sijui," akasema.

"Mstari si wa kwako?"

"Mstari ni wangu. Cha nani, sijui. Zamani nilikuwa najua kwa pale kilipolala rundoni." Alivifunga vile vigae vizuri, akafunga na fundo, akanirudishia. "Hivi ni vya barabara sasa. Kunywa chai, Mwenyekiti, itapoa."

Hatukuwa na mtu mwingine pale uani. Tulikuwa wawili tu, na aliniita Mwenyekiti.

Nilikunywa chai yake yote. Aliniuliza kama aniongezee, nikasema inatosha. Akanisindikiza mpaka getini, akaniambia nimsalimie Zuhura, akafunga.

Kibanda chake kipo bado ng'ambo ya ukuta wangu. Mfereji wa duara umeota majani. Watu hunisifu mpaka leo kwa njia nzuri ya kuingia kwetu, nami huipita kila siku, kwa kuwa sina nyingine. Nilimpatia maonyesho aliyoyataka, mara moja, kama alivyosema. Nilicholipa kwa ajili ya maonyesho hayo ni mtungi wa mke wangu, na chombo ambacho kingefinyangwa kutokana nao, na mtu pekee aliyekuwa akijua kukifinyanga.